Breka Iliyokuwa Ikiruka Usiku

"Fundi, sisi usiku tunasali kwanza, ndipo tunawasha."

Mama mkunga aliniambia hivyo akiwa mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, viganja kavificha ndani ya mikono ya sweta, maana asubuhi ya mwezi wa 6 huku Iringa baridi inafika kwenye mifupa. Hakuwa anatania. Alikuwa ananieleza utaratibu wa zamu yake: maji, glavu, sala, kisha swichi ya transfoma. Breka, ile swichi ya usalama inayojikata yenyewe, ikishika, mashine ya oksijeni na ile ya kufyonza makamasi ya watoto zinapata umeme. Ikiruka, vyote vinazima, na mhudumu anakimbilia kwenye korido kuinyanyua wakati mkunga yuko na mzazi kitandani; hapo mwanzo hata taa ya chumba ilizimika navyo, mwanga wake ukawa tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye kabati.

Nyaya za chumba kile nilizipitisha mimi.

Wiki 7 zimepita tangu asubuhi hiyo. Nimeshafunga kazi nyingine 3 hapa katikati, lakini maneno yale hayajanitoka. Naandika kwa sababu nadhani mafundi wenzangu wengi mmewahi kukutana na breka ya namna hii, na huenda mlimjibu mteja kama nilivyojibu mimi.

Birika ambalo halikuwepo

Wenye ndugu Marekani mnaijua transfoma ya kushusha voti. Vifaa vya zahanati hii ni msaada kutoka huko, vinataka voti 120, na vilikuja na transfoma yake ya KVA 3, boksi la chuma la kijivu lenye mishikio miwili. Niliiwekea soketi yake ukutani, waya wa milimita 2.5, breka ya C16, yaani ya ampea 16. Kazi ya kawaida kabisa.

Mwezi wa 3 waliniita. Breka inaruka, "mara nyingine."

Kwa fundi hakuna neno zito kama hilo. Kitu kikiharibika moja kwa moja utakitafuta utakipata. Kikiharibika mara nyingine, unafika kinafanya kazi, unaondoka kinagoma, na anayeonekana mwongo ni yule aliyekuita.

Nilifika saa 5 asubuhi. Nikawasha kila kitu, nikabana klampu mita, kipimo cha ampea, kwenye waya wa fezi: ampea 6 na kidogo. Breka ya 16 inabeba mzigo huo siku nzima bila hata kupata joto. Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Mara 4, zote ilishika.

Basi nikamwambia mkunga, mbele ya wahudumu wawili vijana, kwamba kuna mtu anachomeka birika la umeme hapa usiku.

"Hatuna birika, mwanangu."

Nikasema basi breka imechoka. Nikaweka mpya ya C16 vilevile, nikalipwa, nikaondoka. Wiki hiyohiyo ikaruka tena.

Thelathini na mbili

Mara ya pili nilikwenda na breka ya 32 mfukoni.

Nisifiche. Ushauri wa kwanza utakaoupata dukani, na kwa fundi yeyote mtaani, ni huo: inaruka, ongeza. Na ingefanya kazi. Ningeipachika, nyumba ingetulia, mkunga angenishukuru, na mimi ningepata jina zuri zahanati nzima.

Nilisimama mbele ya boksi la korido kifuniko kikiwa wazi, bisibisi mkononi. Dari ya jengo lile ni mbao. Waya niliopitisha juu ya hizo mbao ni wa milimita 2.5 ndani ya bomba, na waya wa namna hiyo hauwezi kubeba ampea 32 kwa muda mrefu bila plastiki yake kulainika. Siku mtu atakapochomeka kitu kikubwa kweli, hita siku ya baridi kwa mfano, breka ya 32 itatulia tu na kuangalia. Ningekuwa nimeinyamazisha breka kwa kuhamishia tatizo darini, mahali ambapo haliwezi kuonekana mpaka liwake.

Nikaifunga bila kubadilisha kitu. Jambo moja tu nililifanya siku hiyo na ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo: niliitenga taa ya chumba cha kujifungulia kwenye breka yake peke yake. Taa na transfoma havikupaswa kula sahani moja. Hilo lilikuwa kosa langu la kuchora, wala halihitaji fizikia kulieleza.

Lakini mashine ziliendelea kugoma. Na mimi nilikuwa sijui kwa nini.

Daftari

Asubuhi ile ya sala ilikuwa safari yangu ya tatu. Baada ya kusema aliyoyasema, mkunga aliingia ndani akatoka na daftari la kurasa 40, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Alikuwa anaandika.

Kila mara walipowasha transfoma aliweka tarehe, saa, na neno moja: *imeshika* au *imeruka*. Kalamu ya bluu, mwandiko uliosimama wima. Kuna mistari iliyoandikwa kwa haraka, nadhani akiwa bado na kazi mikononi. Na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya safu yoyote, kulikuwa na sentensi hii:

*Fundi amesema birika. Hatuna birika.*

Niliisoma mara mbili. Nikamwomba radhi palepale, na wahudumu walewale wakiwepo. Akasema, "Haya yameisha, angalia hizo saa."

Nikaangalia. Mchana ilikuwa imeruka mara chache sana. Jioni, kuanzia saa 1 hadi saa 4, hakuna hata mara moja. Mistari ya *imeruka* ilikuwa imerundikana kati ya saa 6 na saa 11 usiku.

"Na usiku inanguruma," akaongeza. "Mchana inavuma tu. Usiku inanguruma mpaka meza inatetemeka."

Hilo nalo alikuwa ameniambia mwezi wa 3. Sikulisikia.

Mtu anayetembea chumbani

Nililala siku kadhaa na hayo maneno mawili: usiku, kunguruma. Nikaipasua ile breka niliyoitoa mwanzo kwa kung'oa ripiti zake kwa patasi, nikaitandaza mezani. Ndani kuna walinzi wawili. Mmoja ni kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Ampea zikizidi kidogo kwa muda mrefu kinapata joto, kinapinda, kinafyatua. Huyo ndiye anayeisoma namba 16. Mwingine ni koili ya waya mnene, mizunguko michache tu, na kipini cha chuma katikati. Huyu hasubiri joto. Umeme ukija kwa mkupuo, koili inakuwa sumaku na kipini kinagonga. Huyo ndiye anayeisoma herufi. B hugonga kati ya mara 3 na 5 ya namba, C kati ya mara 5 na 10, D kati ya 10 na 20. Kwa hiyo C16 yangu inagonga mahali fulani kati ya ampea 80 na 160.

Mimi nilikuwa nimepima ampea 6. Nani alileta 100?

Transfoma yenyewe, wakati wa kuamka. Jambo hili si geni: John Ambrose Fleming aliliandika Uingereza mwaka 1892. Ila sisi tulifundishwa transfoma ikiwa tayari inatembea. Inavyoamka tulipita juujuu.

Nimetafuta namna ya kulieleza bila hesabu nyingi, na hii ndiyo iliyonisaidia mimi.

Fikiria mtu anayetembea ndani ya chumba, hatua 10 kwenda kulia, hatua 10 kurudi kushoto, bila kukoma. Chumba ni chuma cha ndani ya transfoma, na mtu ni usumaku. Akianzia ukuta wa kushoto, hatua zake 10 zinamfikisha ukuta wa kulia bila kuugusa, anageuka, anarudi. Hivyo ndivyo transfoma inavyoishi siku zote.

Sasa mwamshe akiwa katikati ya chumba, na amri ikawa ileile: hatua 10 kulia. Baada ya 5 yuko ukutani. Zimebaki 5.

Ukuta ni pale chuma kinaposhiba. Kikishashiba, koili ya transfoma haina tena kitu cha kuuzuia umeme. Inabaki kuwa waya wa shaba uliozungushwa, na umeme unapita kama umefunguliwa lango. Kwa muda mfupi, mizunguko michache ya mawimbi, halafu mtu polepole anarudi katikati ya mwendo wake na kila kitu kinatulia. Mkupuo huo unaweza kufika mara 10, mara 15, na hata zaidi ya ampea za kawaida za transfoma. Klampu mita yangu, inayobadilisha namba mara chache kwa sekunde, hata haikupepesa macho.

Na kwa nini "mara nyingine"? Kwa sababu inategemea umeshusha swichi wimbi likiwa sehemu gani. Umeme wetu wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, unapita sifuri mara 100 kila sekunde. Ukigusa wakati voti ziko kileleni, mtu anaanza na nusu ya safari tu na hagusi ukuta. Ukigusa zikiwa sifuri, anaanzia katikati na safari nzima mbele yake. Tena chuma kina kumbukumbu: ulivyozima jana unaweza kuwa umemwacha amesimama karibu na ukuta wa kulia. Ukimwamsha hapo na kumwambia aende kulia, hali ni mbaya kuliko zote.

Kidole cha mkunga kilikuwa kinapiga kura gizani, bila yeye wala mimi kujua.

Kibao cha bati

Hiyo ilieleza "mara nyingine". Haikueleza usiku. Kidole ni kilekile mchana na usiku.

Nilirudi zahanati Ijumaa moja kwa ajili ya kitu kimoja, kulisogeza lile boksi la kijivu kutoka ukutani na kusoma kibao chake cha bati kilichokuwa nyuma. Nililifunga mwenyewe na sikuwahi kukisoma chote. Nilitafuta 240 na 120, nikaziona, nikaridhika. Chini yake, kwa herufi ndogo: 60 Hz.

Nikakaa chini kwenye sakafu.

Kila nusu ya wimbi ndiyo safari moja ya yule mtu. Kwenye hezi 60 safari ni fupi. Kwenye hezi 50 ni ndefu zaidi. Chumba kilijengwa kwa hatua 10, sisi tunamtembeza 12.

Na urefu wa hatua ni voti. Niliacha mita imechomekwa usiku ule nikawa naiandika. Mchana voti 226. Jioni, mtaa mzima unapika, unatazama taarifa ya habari, zikashuka hadi 205. Saa 8 usiku, mashine za kusaga zimezimwa na watu wamelala, zikapanda hadi 248. Kijiji kiko mwisho wa laini, na mwisho wa laini ndivyo ulivyo.

Hesabu ni ya darasa la 7. Iliyokusudiwa: 240 gawanya kwa 60, ni 4. Mchana wetu: 226 gawanya kwa 50, ni 4.52. Usiku wetu: 248 gawanya kwa 50, ni 4.96. Karibu robo nzima zaidi ya kilichokusudiwa. Usiku yule mtu anaishi akigonga kuta zote mbili hata bila mkupuo wa kuwasha, na huko kugonga ndiko kunguruma alikokusikia mkunga mpaka meza ikatetemeka.

Daftari na kibao vilikuwa vinasema kitu kimoja.

Herufi D, na jiko la umeme

Jibu la kitabuni lipo: weka D16. Namba ni ileile, kwa hiyo waya unalindwa na joto kama kawaida. Herufi tu ndiyo imebadilika, na mkupuo wa ampea 100 unapita bila kugongwa. Hii si sawa na kuweka 32. Nilikwenda mjini nikaipata moja, ilinichukua maduka 4.

Halafu nikasita tena.

D16 haina hakika ya kugonga kabla ya ampea 320. Nyaya zikigusana kule kwenye soketi, je, laini yetu ina uwezo wa kutoa ampea 320? Kama haina, koili haitagonga, na tutabaki tunasubiri kile kipande cha metali kipate joto wakati waya unaungua.

Sina kile kifaa cha kupimia mzunguko. Nilitumia jiko la umeme la mkunga, la wati 2,000. Soketi tupu: voti 234. Jiko likiwaka: voti 227, ampea 8.6. Voti 7 zimepotea njiani. Gawanya kwa 8.6, unapata kama ohimu 0.81. Nyaya zikigusana kabisa, 234 gawanya kwa 0.81 ni ampea 289.

Haifiki 320.

Nilikaa na namba hiyo muda mrefu. Ingekuwa nyumba ya mjini, chini ya nguzo yenye transfoma ya mtaa, D ingefaa na habari ingeishia hapo. Hapa, laini dhaifu inamnyima mlinzi nguvu ya kugonga. Kwa C16 inatosha, maana yeye hagongi mbali zaidi ya 160. Ile D bado iko kwenye begi langu pamoja na ile 32.

Wenye vituo vikubwa vya umeme wana njia yao. Rile, yaani swichi zinazojiendesha zenyewe, zinazolinda transfoma kubwa zinasikiliza sura ya umeme unaoingia; mkupuo wa kuwasha unakuwa na wimbi kubwa la pili, yaani hezi 100 kwenye mfumo wetu, na rile ikilisikia inajizuia isikate. Breka ya ukutani haina masikio hayo. Kwa hiyo kilichobaki ni kumzuia mtu asikimbilie ukuta.

Nusu sekunde

Kifaa nilichojenga kinaingia kwenye boksi la plastiki la ukubwa wa tofali. Umeme ukiwashwa, unapita kwanza kwenye rizista, kizuizi cha umeme, ya ohimu 22, waya uliozungushwa kwenye kigae, mnene kama kidole gumba. Hata usiku wa voti 248, ambao kilele chake ni kama voti 351, rizista ile hairuhusu zaidi ya ampea 16 kupita. Baada ya nusu sekunde, rile ya muda inavuta kontakta, swichi inayovutwa na sumaku, kontakta inairuka rizista, na transfoma inapata umeme wake kamili ikiwa imeshaingia kwenye mwendo.

Nilichohangaika nacho zaidi ni kontakta kugoma. Ikigoma, rizista inabeba mzigo wote na inageuka kuwa pasi ndani ya boksi la plastiki. Nimeifunga fyuzi ya joto mgongoni mwake, ikipata moto inakata. Nililijaribu hilo kwa makusudi, uani, mara 2, kwa kuchomoa waya wa kontakta, na nikachoma fyuzi 2 nzuri ili nijiridhishe. Boksi la pili nikalitengeneza la bati.

Sharti moja limebaki kwa watumiaji: mashine zote zizimwe kwanza, iwashwe transfoma, ndipo mashine moja moja. Nimeandika kwa rangi nyekundu juu ya swichi. Mkunga alisoma, akaniambia nifute "tafadhali zingatia", niache maagizo matupu, mtu wa usiku hana muda wa kusoma adabu. Nimefuta.

Sitasema tatizo limekwisha. Boksi langu linatuliza kuamka tu. Transfoma bado ni ya hezi 60, bado inatembezwa hatua 12 ndani ya chumba cha 10, na usiku inapata joto kuliko inavyotakiwa. Dawa yake ni transfoma iliyosukwa kwa hezi 50. Kamati ya zahanati imekubali, na sasa inasukwa Dar es Salaam, Gerezani.

Ijumaa iliyopita nililala pale kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Saa 8 usiku mita ilisoma 247. Mkunga akaja na daftari kwapani, nikamwambia ajaribu yeye, si mimi. Akashusha swichi. *Ta*, kimya kidogo, *ta*. Kontakta imeshika. Akazima. Akawasha. Tulifanya hivyo mara 40, mimi nikihesabu na yeye akiandika, chai ya tangawizi ikipoa katikati yetu. Mara ya 41 hakuniambia. Nilisikia tu *ta* mbili kutoka chumbani, na mashine ya oksijeni ikaanza kuhema, maana gari dogo lilikuwa limesimama nje na mama mmoja alikuwa anasaidiwa kushuka.